Sijaokota Kitu, Pasta

Kitu cha kwanza kutoka mfukoni kilikuwa kofia yake, ile nyeupe ya kutarizi, ambayo tulikuwa tumemwomba aivue mlangoni. Aliikunjua, akaikunja tena vizuri, akaiweka ndani ya kikapu cha sadaka. Cha pili kilikuwa tasbihi. Cha tatu, peremende mbili za tangawizi. Halafu akatoa funguo, kitita kikubwa cha funguo zilizofungwa nyuzi za rangi rangi, na kanisa zima likaguna kwa sauti ndogo, kama watu walioona nyoka ndani ya kabati.

"Funguo ya nani hii yote?" Braza Moses akauliza.

"Za majirani," Mzee Abubakari akajibu.

"Majirani gani?"

"Wewe ni mmoja wao, mwanangu."

Jibu hilo wengi hawakulisikia, kwa sababu mzee alikuwa anaongea Kiswahili, tena bila maiki. Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa imewashwa, kile kitaa chake cha kijani nakiona mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri kila neno linalosemwa ndani ya jengo lile, na nilikuwa nimeifanya miaka kumi na saba. Neno hilo sikulitafsiri.

Sasa ninyi vijana mnaoshika maiki siku hizi, mnaosimama kando ya wachungaji mkiwa mmevaa suti ya kuazima, haya nawaandikia ninyi. Kuongea siwezi tena. Madaktari waliingia kooni mwangu wakatoa walichotoa, wakaniachia sauti ya karatasi inayokunjwa. Shule niliiacha darasa la tano, upande wa Busia ya Kenya, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya isukumeni wenyewe isimame. Mimi mambo ya kusimamisha watu nimeacha, na nitawaambia kwa nini.

Kazi hii nilifundishwa na Sajini Drani, askari mstaafu wa kutoka West Nile, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wa kanisa letu kabla yangu. Kanisa letu ni lile la mabati ya bluu, Namuwongo, hapa Kampala, karibu na reli. Pasta anahubiri Kiganda, na sisi Wakenya, Wakongo na watu wa viwandani tunapata Kiswahili. Kiswahili cha Afande kilikuwa cha kambini. Pasta akiwaita kwa upole wenye kulemewa waje mbele waombewe, Afande anasema, "Wote yenye mizigo, kuja hapa mbio!" Na watu wanakuja mbio kweli. Wengine walikuwa hawana mzigo wowote.

Lakini kazi aliijua. Aliniambia, mama, usitazame mdomo wa mhubiri, tazama miguu. Kisigino kikiinuka, anataka kuruka, na akiruka atasema maneno matatu makubwa kwa pamoja, jiandae. Namba za mistari ziandike kiganjani kwa kalamu, kwa sababu mhubiri akishapata moto anasahau amesema mlango wa ngapi, na lawama inakuja kwako. Usinywe maji wakati wa mahubiri. Ukimeza funda moja, umekosa nabii mzima. Na lile kubwa kuliko yote: "Mwenye maiki akitoka uchi, mvalishe kabla watu hawajageuka." Maana yake, mhubiri akikosea, wewe rekebisha kimyakimya upite. Atakayekushukuru hayupo, kwa sababu hakuna atakayejua.

Mimi mwenyewe nilianza uchi. Jumapili yangu ya kwanza Pasta alikuwa anasimulia habari ya yule mama aliyetokwa damu miaka mingi, akagusa vazi, "n'awona." Kwa Kiganda maana yake ni kwamba akapona. Mimi masikio yangu bado ya Busia, nikasema kwa nguvu, "Akaona!" Pasta akarudia kwa furaha, nami nikarudia, akaona, akaona kabisa. Baada ya ibada fundi cherehani mmoja Mkongo akanifuata, ananiuliza, "Mama Nekesa, kumbe yule mama alikuwa na upofu pia? Matatizo yake yalikuwa mengi sana." Afande alicheka wiki nzima. Akaniambia, kupona na kuona si mbali sana, ila usizoee.

Basi nikajifunza. Mchana wa siku za kazi nafua nguo za watu kwenye maghorofa ya Bugolobi, na huku nafua najisemea mwenyewe Kiganda kwenda, Kiswahili kurudi. Nikawa mzuri. Sijisifu, kusifiwa sikusifiwa, ndiyo maana nasema mwenyewe.

Sasa nimtaje mtu wa kwanza wa kesi hii. Pasta Wilberforce alikuwa na maneno manne ya Kiswahili, na moja lilikuwa limevunjika. Alikuwa na "kalibu," ambayo tulimsamehe, kwa sababu hapa Kampala hata mbwa wanatukaribisha kwa L. Alikuwa na "asante," na "kaa chini." La nne ndilo lile. Wageni wakija, Pasta anapenda kuwauliza mwenyewe kama wameokoka. Ila badala ya kusema umeokoka, anasema, "Umeokota?"

Sijui alilipata wapi. Kila alipomuuliza mgeni, "Umeokota?", mimi nilikuwa nadaka hapo hapo, "Umeokoka?", haraka kama mtu anayefunga zipu ya mwenzake. Mgeni ananijibu mimi. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua. Siku moja nilimvuta pembeni.

"Pasta, lile neno ni kuokoka. Kuokota ni kuinua kitu kilichoanguka chini."

"Si ndiyo nasema? Okota."

"Oko-ka, Pasta."

"Mama Nekesa, Bwana anaangalia moyo."

Bwana anaangalia moyo, sawa, lakini wageni walikuwa wanaangalia mdomo.

Na hiyo desturi ya wageni, hebu niiseme, maana mmeirithi na mnaifanya mkidhani ni ukarimu. Kwetu nyumbani mgeni akifika anaketishwa, anapewa maji, anaachwa apumue, halafu polepole ndiyo tunamuuliza habari ya alikotoka. Kanisani tumegeuza. Mgeni tunamkuta amekaa, tunamsimamisha. Taja jina. Umetoka wapi. Umeokoka au bado. Watu mia wamegeuza shingo. Akisema bado, tunapiga makofi kana kwamba ameshinda kuku. Zakayo naye alikuwa mtu wa nje, lakini yeye angalau aliachiwa mti wa kujificha. Sisi wageni wetu tunawapa kiti cha mbele, karibu na Mama Pasta, penye feni.

Ikatangazwa Jumapili ya Wageni. Kila muumini alete mtu mmoja ambaye hajaamini. Miaka yangu yote sijawahi kuleta mtu, na Nalongo, mkuu wa wapokezi, alikuwa ameanza kunitania kwamba natafsiri wokovu kama mtu anayepika chakula asichokula. Nikaenda kwa Mzee Abubakari.

Mzee Abubakari ana duka Kisugu, chini ya nyumba niliyopanga. Babu yake alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani, wakabaki, na Kiswahili chao kikabaki nao. Asubuhi anauza sukari na sabuni, alasiri anafundisha watoto Kurani kwenye chumba cha nyuma. Nyuma ya mizani yake kulikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye misumari funguo za vyumba vyetu. Mtu akienda kazini na mwenzake anarudi mapema, ufunguo unaachwa kwa Mzee. Waislamu, Wakatoliki, walokole, wote. Kila ufunguo alikuwa ameufunga uzi wa rangi yake, na ukipita tu anakurushia wako kabla hujasalimia. Siku akifunga duka, funguo zinatembea naye mfukoni, ili mwenye haja amfuate popote alipo.

Nilimwambia kwa aibu. Akaniambia, "Mama Nekesa, mama yangu alipofariki ulikaa mkekani kwetu siku tatu. Mimi nitashindwa kukaa kitini saa tatu?"

Asubuhi ile Pasta akaniita nyuma ya jukwaa. Alikuwa amefurahi. "Leo wageni nitazungumza nao mwenyewe," akasema. "Kiswahili nimekijua sasa. Wewe usirudie maneno yangu, tunapoteza muda. Wewe nirudishie tu majibu yao kwa Kiganda."

Nikanuna. Miaka kumi na saba namvalisha mtu nguo, leo ananiambia alikuwa anavaa mwenyewe. Nikasema moyoni, haya, toka hivyo hivyo tukuone.

Kwa hiyo jueni: katika kesi hii mtu wa pili ni mimi.

Mzee Abubakari akasimamishwa. Akataja jina, akasema anatoka Kisugu, nikarudisha kwa Kiganda. Pasta akatabasamu, akashuka ngazi moja, akasema kwa sauti yake nzuri, "Kalibu sana, mzee. Umeokota?"

Nilikuwa na maiki. Zipu ile ilikuwa wazi mbele ya watu wote. Nikafunga mdomo.

Mzee akatazama chini pembeni ya kiti chake, akatazama na upande wa pili, kama mtu mwenye adabu anayetaka kusaidia. Akasema, "Sijaokota kitu, Pasta. Nimefika tu sasa hivi."

Nikageuza kwa Kiganda, neno kwa neno, anasema hana alichookota. Tena nilitafsiri vizuri kabisa, kwa utamu. Nilidhani watacheka, Pasta aone haya kidogo, halafu Jumapili ijayo anirudishie kazi yangu yote.

Wachache walicheka, wale wa Kiswahili. Wa Kiganda hawakucheka. Wao walijua Pasta anauliza wageni swali moja tu, siku zote. Ameulizwa kama ameokoka, na mtu anajibu kwamba hajaokota kitu. Nani anakataa kosa ambalo hajaulizwa?

Na hapo ndipo Mama Pasta, aliyekaa kiti cha jirani yake, akainama, akapapasa chini ya kiti, akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua. "Simu yangu," akasema.

Kama mnataka kujua shetani anaingiaje kanisani, haingii na pembe. Anaingia kwa herufi moja.

Braza Moses, mpokezi, alikuwa ameshafika. Huyu ni wa tatu, namtaja kwa jina lake. Yeye ndiye aliyeshika kikapu. "Mzee, toa tu vitu yote, tuondoe mashaka, hakuna mtu anakulaumu." Pasta Wilberforce alisimama pale kwenye ngazi akiangalia, na hakusema "acha." Hata kwa Kiganda lingetosha.

Yaliyotoka mfukoni nimeshasema. Simu haikuwepo. Ila zile funguo ziliwatosha. Watu walionong'ona "funguo za nyumba za watu" walikuwa wengi, na angalau sita kati yao funguo zao zilikuwa ndani ya kile kikapu. Ule wenye uzi mwekundu ni wa chumba cha Moses mwenyewe. Mkewe alikuwa ameuacha kwa Mzee asubuhi ile, akatangulia kwenda kuimba kwaya.

Mzee akarudisha vitu vyake mfukoni kimoja kimoja. Akauliza, "Naweza kukaa?"

"Kalibu, mzee. Kaa chini. Asante." Maneno matatu mazima ya Pasta, yote kwa mara moja.

Mimi nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Baadaye aliniambia mgeni hatoki kabla ya dua ya mwisho, ni utovu wa adabu. Akakaa saa mbili zilizobaki, Mama Pasta akiwa amehamishia mkoba upande wa pili, na mimi nikamtafsiria mahubiri yote. Nilitazama miguu ya Pasta tu, ila siku hiyo si kwa sababu ya ujuzi.

Nje niliwaeleza watu lile kosa la neno. Niliwaeleza kwa Kiswahili, Wakenya wenzangu na Wakongo, ambao walikuwa wameshaelewa. Kwa Kiganda sikusema. Mkalimani mzima.

Jumatatu nilimwendea Pasta ofisini. Nikamwambia aeleze mbele ya watu kwamba mzee alijibu sawasawa swali aliloulizwa.

"Unataka niseme kanisani sijui Kiswahili?"

"Nataka useme mzee si mwizi."

"Nani amemwita mwizi? Mimi nimemwambia kalibu."

Simu ilionekana siku iliyofuata. Ilikuwa nyuma ya kinanda, kwenye chaja, pale ambapo Mama Pasta mwenyewe aliichomeka kabla ya ibada. Na msidhani jambo lilizikwa, hapana. Jumapili iliyofuata Mama Pasta alikuja mbele na kutoa ushuhuda kwamba adui alitaka kuiba furaha yake, lakini Bwana ameirudisha simu. Watu walishangilia. Nikatafsiri na hiyo. Mzee Abubakari hakutajwa, hata kwa herufi moja.

Kule Kisugu ubao wa misumari ukaanza kupunguka. Mke wa Moses alikuwa wa kwanza. "Mzee, nipe tu ufunguo, tumepata mtu mwingine wa kutuwekea." Akampa kwa mikono miwili. Kila mtu alikuja na sababu yake nzuri, na Mzee kila mtu alimpa ufunguo wake na uzi juu yake. Mwishowe zikabaki tatu: wangu, wa yule fundi cherehani Mkongo, na mmoja wa mpangaji aliyehamia Bugolobi akausahau. Vijana wa boda pale stejini wakampa jina. Akipita wanamwamkia, "Shikamoo, Mzee Sijaokota." Anaitikia marahaba, kwa sababu salamu ni salamu. Wazazi wawili wakawaondoa watoto wao darasani kwake. Nao ni Waislamu, hawakuwepo kanisani, walisikia tu jina la utani wakadhani lina msingi.

Tuna msemo unaosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulisema mgeni njoo, mwenyeji akupekue.

Koo likaanza kuniuma mwaka uliofuata. Kanisa liliniombea sana, siwanyimi haki yao. Lakini sauti ilipokataa kurudi, Nalongo alikuja kuniuliza taratibu kama kuna dhambi niliyoificha kooni. Nikaitikia kwa kichwa. Akafurahi, akasubiri niiandike. Niliandika: "Mzee Abubakari." Akasoma, akasema tutaombea na hilo, akaondoka bila kumaliza chai.

Nilipotoka hospitali nimefungwa shingo yote kwa bandeji, Mzee alikuwa mlangoni mwa duka. Akatoa ufunguo wangu msumarini. Hakunirushia siku hiyo, aliniletea. Akanitazama, akasema, "Mama Nekesa, nasikia umeokoka."

Nikacheka mpaka mshono ukauma. Maana ndilo neno lenyewe, kama walivyokuwa wanalisema babu zake kabla sisi hatujalivalisha tai na kulipeleka kanisani. Kuokoka ni kutoka kwenye hatari ukiwa hai. Nimelitamka miaka kumi na saba, na mtu wa kwanza kuniambia nikasikia maana yake ni mtu tuliyemvua kofia mlangoni.

Nilirudi kanisani baada ya miezi mingi, kitambaa shingoni, nimekonda. Mpokezi mlangoni alikuwa binti mpya, hakunijua, akanipeleka kiti cha mbele, penye feni. Wakati wa wageni ulipofika, akaniinua kwa mkono. Mkalimani mpya akaniwekea maiki mdomoni. Taja jina lako. Nikafungua mdomo, kikatoka kile kisauti changu cha karatasi. Watu mia wakageuza shingo, na wengine walinifahamu, wakaangalia viatu vyao. Nilikaa bila kuambiwa.

Kwa hiyo ninyi wenye maiki, mnaweza kutafsiri vibaya mkasamehewa, mimi nilimpa mama wa watu upofu na hakuna aliyekufa. Lakini mtu akisimamishwa mbele yenu na hana maiki, maneno yake ndiyo ya kwanza kutafsiriwa, hata kama mmenuna, hata kama Pasta anawatazama. Hasa akiwatazama. Mimi deni langu nimelilipa nusu: nimeliandika kosa langu kwa Kiganda pia, na karatasi nimeibandika mlangoni mwa duka la Mzee. Aliisoma, akasema herufi zimelala, lakini hakuibandua.

Nusu nyingine si yangu. Nasikia Jumapili ya Wageni inakuja tena. Nitakuja, na nitakaa nyuma. Na wakati wa kusimama ukifika, mgeni asisimame hata mmoja. Simama wewe, Pasta Wilberforce. Taja jina lako. Sema umetoka wapi. Moses akushikie kikapu kile kile. Halafu wajibu watu swali lile lile ulilomuuliza Mzee, kwa matamshi yako mwenyewe, sitarekebisha safari hii. Simu mliiona nyuma ya kinanda, mkashangilia. Na jina la mzee wa watu, mlilolidondosha hapo hapo mbele ya madhabahu?

Umeokota?